Sauti ya Mama Ndani ya Tumbo la Barafu

Alhamisi, 3 Oktoba

Limetoka. Miaka minne ya mimi na mshirika wangu Kurogi kutengeneza gemu moja, na kuanzia leo asubuhi mtu yeyote anaweza kulinunua Tumbo la Barafu na kulisema anavyotaka.

Na wanalisema. Sijafanya kazi yoyote leo, nimekaa ofisini nasoma tu. Ofisi! Chumba kimoja Hakata, hapa Fukuoka, juu ya duka la kufulia kwa mashine, sakafu inatetemeka kila nguo zikikamuliwa.

Wanapenda kiroboti chetu kinavyoruka. Wanapenda kinapopata ule mkono wa kuchimba — unakumbuka ukuta uliokushinda mwanzoni kabisa, unarudi nyuma chumba kwa chumba, unautoboa, na kumbe nyuma yake kuna nusu nzima ya meli ya anga hujaiona. Mmoja anasema alipiga kelele mpaka mkewe akatoka bafuni na povu kichwani. Wanapenda barafu ya Kurogi, ile ya bluu inayogeuka waridi ukikaribia injini. Dude linalolinda pampu ni gumu mno, wanasema. Ramani inachanganya. Haya, ramani ni kosa langu, nitairekebisha.

Halafu sauti ya meli, ile inayomwongoza mchezaji.

"Nani kampa maiki bibi wa basi la watalii?"

"Niko karibu kufa, bibi ananionyesha mandhari."

"Nimezima sauti. Samahani, bibi."

Nilicheka. Kurogi akageuza kiti. "Wewe ndiye unayecheka?"

Nikamwambia ni utani wa watu tu, dada. Akarudi kwenye michoro yake. Yeye anajua ile ni sauti ya nani.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama kapiga simu kutoka Beppu. Anataka kujua watu wameipokeaje. Nikasema vizuri. Na sauti, je?

"Sauti inazungumziwa sana, Mama."

Si uongo. Ndiyo maana naona haya zaidi — jinsi nilivyoipanga ile sentensi kabla sijaitamka.

Ameshawaambia wanawake wote wa bafu la mtaani kwao. Jirani yake, Bi Eto, kamwambia sasa yeye ni mwigizaji, aache kuvizia samaki wanaopunguzwa bei jioni. Alikuwa anacheka peke yake kwenye simu. Maisha yake yote ya kazi alisimama mbele ndani ya basi la watalii, akiwasimulia na kuwaimbia watu milima na chemchemi za maji moto. Tangu astaafu sijamsikia akicheka hivyo.

Jumapili, 6 Oktoba

Kuna jamaa anajiita Gonta. Anacheza magemu laivu mtandaoni, na watu wanaomtazama wanaweza kujaza uwanja wa besiboli. Leo kacheza letu.

Mimi na Kurogi tuliangalia ofisini, matonge ya wali mkononi, hatuli. Mwanzo alisifia tu. Aliposogea kushoto na dirisha la meli likaonyesha mwezi wote wa barafu, alinyamaza. Gonta, kunyamaza! Kurogi akanifinya mkono.

Kisha akaingia ukumbi wa pampu. Sauti ya Mama ikasema: "Upande wenu wa kulia mtaona pampu kuu. Tafadhali msiikaribie."

Gonta akasimamisha gemu. Akasimama, akakunja gazeti likawa maiki, akanyoosha mkono wa pili hewani. "Upande wenu wa kulia, wazee wangu, mtaona kifo. Upande wa kushoto, choo. Walio na magoti mabovu wabaki ndani ya basi." Alimwiga sawasawa kabisa. Ile anavyovuta mwisho wa neno, anavyopandisha sauti kidogo kabla ya kupumua. Maoni ya watu yalishuka kama mvua, vicheko vitupu. Nami nilihisi mdomo wangu unatanuka, halafu uso ukawaka moto.

Akakaa. "Lakini jamani, hili ndilo gemu langu la mwaka. Wamtoe tu huyu bibi. Ni nani lakini? Wenye gemu mpo?"

Nilikuwepo, peke yangu. Kurogi alikuwa ameteremka kununua kahawa kwenye mashine ya vinywaji ya nje. Nikaandika, kwa jina la kampuni yetu:

"Ile ni sauti ya muda tu. Hatukuwa na mwigizaji. Tunaibadilisha karibuni."

Gonta akaisoma kwa sauti kubwa. Watu wakashangilia.

Sauti ya muda. Tulirekodi kabatini kwa Mama, kabati kubwa la matandiko, katikati ya magodoro ili chumba kisirudishe mwangwi. Agosti ile, joto la kuua. Alikataa feni kwa sababu ingesikika. Alivaa glavu zake nyeupe za kazi. Nikamwambia, Mama, hakuna anayekuona. Akasema, "Wewe unaniona. Haya, tuanze tena ule mlango wa tatu, sikuupenda."

Kurogi akarudi na makopo mawili. Akasoma. Akayaweka mezani polepole.

"Eisuke. Umeandika nini?"

"Wanataka sauti nyingine, dada. Tunauza gemu."

"Si hicho nilichokuuliza. Ungesema ni mama yako. Basi. Gonta mwenyewe angeomba radhi hapo hapo."

Najua angeomba radhi. Sikuogopa mdomo wa Gonta. Niliogopa ule uwanja mzima wa watu ujue kwamba bibi wa basi ndiye aliyenizaa. Nimeandika hivyo, na sitafuta.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwigizaji karekodi leo, studio ya kukodi huku huku Fukuoka. Mtaalamu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Sauti baridi, safi, kama meli inavyotakiwa kusikika.

Alipokuwa anafunga mkoba akauliza yule wa mwanzo alikuwa nani. Kuna mahali, anasema, kabla ya kutangaza kwamba mabaharia wote walishakufa, yule mama anakaa kimya kidogo, kama anayetafuta namna ya kuwaambia watu vizuri. Alijaribu kumfuata, hakuweza.

"Mtu mmoja tu tuliyempata," nikasema.

Kurogi alikuwa amesimama mlangoni na miavuli yetu. Njiani kurudi, mvuani, hakunipa wangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Apdeti imetoka. Ramani mpya, dude la pampu limepunguzwa nguvu, sauti mpya.

Wengi: afadhali. Gonta: asanteni kwa kusikiliza. Mauzo yamepanda. Mmoja: sasa meli inaongea kama mashine ya benki. Mwingine, nimeyasoma maneno yake mara nyingi:

"Nilipotea kwenye mabomba, nikakasirika, nikawa nakimbia ovyo na kufa. Yule bibi akasema msikimbie, mlango haukimbii. Nikatulia, nikauona. Leo nimerudi pale pale kumwonyesha rafiki yangu. Sauti mpya inaniambia njia imefungwa. Sawa."

Lile la mlango haukimbii sikuliandika mimi. Mama alilitia mwenyewe, kabatini, akaniuliza kama linafaa. Nilimwambia tutaona.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama kapiga. Binti wa Bi Eto kalinunua gemu. Watalileta ukumbi wa mtaa Jumapili, kwenye runinga kubwa. Wanakuja wenzake waliofanya kazi pamoja kwenye mabasi, wale walio hai na wanaoweza kutembea. Mimi niende nicheze, kwa sababu vidole vyao haviwezi.

Nikasema nina kazi nyingi, Mama.

"Jumapili?"

"Gemu likishatoka ndipo kazi inapoanza."

"Nitakaanga toriten. Wewe kuku wangu unakula hata ukiwa na homa."

Nikasema nitakuja. Nikasema pia wasilifungue kabla sijafika, kuna vitu vya kurekebisha kwenye mashine ya gemu.

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye dereva."

Ijumaa, 18 Oktoba

Kurogi ametengeneza kitu bila kuniuliza: kwenye mipangilio, mchezaji achague sauti, ya kwanza au ya pili. Inafanya kazi vizuri. Lakini duka la mtandaoni lazima likague kwanza, na halikagui wikendi. Haitatoka kabla ya Jumapili.

"Mpigie leo," Kurogi akasema. "Mwambie kabla hajasikia."

"Nitachukua mashine yangu. Ina toleo la kwanza. Hatajua."

Aliniangalia muda mrefu. "Mimi nikikuona hivi najiuliza utanikana lini."

Sikupiga simu. Nimeshika simu jioni nzima, mpaka ikapata joto.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika kwenye simu, koridoni, ukumbi wa mtaa. Humo ndani wanakunywa chai.

Nilikuja na treni ya asubuhi, mashine mkobani imefungwa kwa taulo. Nikavua viatu mlangoni, nikahesabu viatu vya kina mama vilivyopangwa, vidogo vidogo, nikatamani kurudi. Ndani runinga ilikuwa imeshawashwa. Kiroboti chetu kimesimama katikati ya ukumbi wa pampu.

Ukumbi wa pampu hufiki kwa bahati mbaya. Lazima ucheze.

"Tulifika hapo jana jioni," Mama akasema. "Binti wa Bi Eto anajua sana. Tumerudia kutoka mwanzo mara mbili."

Nikasema, "Nimeleta yangu, Mama. Hii yangu ni nzuri zaidi."

"Ya nini? Hii haina shida. Rudisha mwanzo, halafu zima sauti tu."

Nikazima sauti. Binti wa Bi Eto alikuwa anaangalia chai yake. Yule ni wa kusoma kila kitu mtandaoni. Nikajua amemsomea Mama yale maneno ya kampuni yetu.

Mama akasimama kando ya runinga, ubavu kwa skrini, uso kwa watu. Amefupika, siku hizi kichwa hakifiki ukingo wa juu. Mkono ukanyooka. Ile sauti ikatoka, ile ile.

"Wapendwa wasafiri, karibuni sana. Dereva wetu leo ni mwanangu, Eisuke. Mimi ni sauti ya muda tu, naomba mnivumilie."

Kina mama wakacheka, wakapiga makofi. Kwao ulikuwa mzaha mzuri wa kufungulia safari. Mimi nilishika pedi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima.

Nikacheza. Nilitumbukia shimo la kwanza kabisa, shimo nililolichora mwenyewe. "Dereva ametuonyesha shimo," Mama akasema, "ili tusilisahau." Wakacheka tena. Alikumbuka kila kitu. Kila mlango, kila onyo, alilisema nusu hatua kabla sijafika, kwa hiyo hata mahali nilipokuwa sijui niende wapi — kwenye mabomba — alisema msikimbie, mlango haukimbii, nami nikasimama, nikauona.

Tukafika kwenye pampu. "Upande wenu wa kulia mtaona pampu kuu. Tafadhali msiikaribie."

Hakuna aliyecheka. Bi Eto aliinamia kulia kuangalia. Mwenzake mmoja, amevaa kifaa cha kusaidia kusikia, alikuwa anafuta macho na hata hatujafika pa kusikitisha.

Kisha tukafika kwenye habari ya mabaharia. Mama akakaa kimya kidogo. Nilisubiri huku nimekisimamisha kiroboti. Akawaambia. Vizuri, kama mtu anayewaambia wageni wake kwamba njia ya mbele imeporomoka na hawataiona ile bahari waliyoijia.

Dude la pampu likaniua. Likaniua tena. Na lilishapunguzwa nguvu. Bi Eto akasema dereva apumzike, kuku wanapoa.

Nilikula nimesimama, nikatoka huku. Mama akanifuata na sahani.

"Mama, yale maneno. Ya sauti ya muda. Kampuni ni jina tu. Ni mimi niliyeandika."

"Najua."

"Nilikuwa —"

"Una mafuta ya kuku mikononi. Nawa. Pedi ni ya watu." Akaniwekea kipande kingine kwenye sahani, kisha akaichukua sahani kabla sijakila. "Wanasubiri."

Akarudi ndani. Sijui kama amekasirika. Sikuweza kumtazama nijue.

Nimenawa. Namsikia mmoja wao anauliza, huyu dereva kaenda wapi? Na Mama, kwa ile sauti:

"Wapendwa wasafiri, kuna ucheleweshaji kidogo. Tafadhali bakini kwenye viti vyenu."

Wanacheka. Wanamsubiri aendelee, lakini hasemi tena. Mikono yangu imeshakauka. Bado niko koridoni.