Pekupeku Kilwa Kisiwani

Mama, shikamoo, na pole na kifua.

Barua ya Baba imefika: nafasi ya ukarani imepatikana, nirudi Temeke wiki hii. Mwambie kwa upole kwamba sirudi.

Juzi niliingia na viatu kwenye msikiti mkuu. Kwangu yalikuwa magofu tu ya mji uliowahi kutawala pwani. Bi Somoe, anayeipikia timu yetu ya wachimbaji wa mambo ya kale, akapiga kelele: "We msomi! Paa likianguka ndiyo Mungu kahama?" Nikavua, nimeiva kwa aibu. Akacheka. "Sultani wa kwanza alikinunua kisiwa hiki kwa nguo za kukizunguka chote. Wewe na kigauni kimoja umekuja kununua nini?"

Nikamwambia nataka kuchimba, ila msimamizi kanipa kuandika lebo tu, kwa kuwa ni msichana. Akamfuata na mwiko wa ugali mkononi. "Huyu nimemwambia mara moja akavua. Wewe mwezi mzima unakanyaga na mabuti. Mpe shimo!"

Leo nimechimba. Chini ya sakafu ya mawe nimekuta udongo ulioungua, una alama za fito, kama ukuta wa nyumba yetu. Shuleni tulifundishwa kwamba mji huu uliletwa na wageni. Mama, kabla ya mawe walikuwepo watu waliokandika udongo kama sisi, na nitachimba mpaka niwafikie.

Ukarani apewe Zuhura; mdogo wangu huyo ana mwandiko mzuri kunishinda. Msomee Baba akishakunywa chai.

Akupendaye,
Mwajuma