Mke Mwenza wa Silinda Sita

Jumatano, 3 Juni
Nimechoka. Mgongo, magoti, hata kope. Zamu nzima ni kukimbizana tu: ajali, mjamzito, ajali tena. Na ambulansi yenyewe ni mkokoteni wenye king'ora. Ukikata kona inalia, ukikanyaga breki inafikiria kwanza.

Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikafunua turubai, nikaketi ndani ya gari langu. Kimya. Milango miwili, boneti ndefu, silinda sita, kabureta tatu. Rika langu, tumezaliwa mwaka mmoja. Nililinunua likiwa chuma chakavu na tangu hapo halijasogea kwa nguvu zake.

Mke wangu akachungulia. "Msalimie mke mwenzangu. Mwambie chakula kinapoa."

Ijumaa, 5 Juni
Limewaka!

Kumbe gasketi ya kabureta ya nyuma ilikuwa inavuta hewa. Nimeweka mpya, nikawasha. Likakohoa, likatema moshi mweusi, kisha – sauti ile! Si kelele. Ngurumo ya chini chini, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Kitindamimba wangu alitoka mbio akicheza uani. Mama yake aliziba masikio. Baadaye nilimwona ameziba moja tu.

Na mimi? Nilikaa tu, nimeshika usukani. Nimelisubiri hili miaka, limenikuta sina nguvu ya kupiga hata kigelegele cha kiume. Nikalitoa kinyumenyume – kwaa! Nguzo ya kushoto. Nguzo niliyoichimbia mimi mwenyewe. Sikuiona.

Uchovu.

Jumatatu, 8 Juni
Si uchovu.

Tulikuwa na mgonjwa nyuma, mzee wa moyo. Pale kwenye mzunguko muuguzi akapiga ukelele kwenye kidirisha cha mgongoni kwangu. Nikakata usukani. Mwendesha baiskeli akaanguka kwenye majani, akainuka akinitukana – asante Mungu, mtu anayetukana ni mzima. Mzee tulimfikisha salama.

Muuguzi alinifuata nilipokuwa nanawa. Akaniuliza kama kweli sikumwona yule. Nikasema alitokea ghafla.

"Hakutokea ghafla, kaka. Mimi nilimwona tangu kule kwenye taa."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema kesho niende kwa daktari wa macho, la sivyo yeye mwenyewe atakwenda kwa mkuu wa madereva.

Jumanne, 9 Juni
Daktari wa macho ni binti wa umri wa binti yangu mkubwa. Presha ya macho, anasema. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati safi, pembeni hakuna kitu, na ubongo unanijazia uongo. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tutakilinda kwa matone.

Nikauliza kuhusu kuendesha.

"Hapana, baba."

"Hata polepole? Hata Jumapili, barabara ikiwa tupu?"

"Baba. Hapana."

Alhamisi, 11 Juni
Matone yanachoma. Nyumbani nimesema ni vumbi. Kazini niliomba ruhusa, nimesema ni mgongo. Kesho zamu.

Ijumaa, 12 Juni
Nilifika. Nikachukua funguo ukutani kama kawaida. Muuguzi alikuwa anatandika machela, akaniangalia, akaendelea kutandika. Nikawaza: nani atalala pale leo? Mtoto wa nani?

Funguo nilizipeleka kwa mkuu wa madereva. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema nitahamia chumba cha simu. Nitawaelekeza wenzangu njia. Sawa. Njia nazijua.

Mke wangu nilimwambia jikoni, amenipa mgongo. Alizima jiko. Akakaa.

"Na huyo wa kibandani?"

"Tuuze."

Mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu.  Nilidhani anafurahi – ana haki.

"Nimemvumilia miaka yote hii, mafuta yake nafua mimi, halafu leo ndiyo unampa talaka? Ebu nionyeshe klachi yake."

Leseni anayo; aliwahi kuendesha basi la shule. Lakini basi ni basi! Hili lina hasira. Jioni limemzimikia mara nyingi, na kila likizima analitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mimi pembeni nasema taratibu, taratibu, mguu wa kushoto. Akanigeukia: ukisema taratibu tena utateremka.

Jumapili, 14 Juni
Naandika nikiwa garini. Mkutano wa magari ya zamani na ya mbio, kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Kila mwaka nilikuja kwa miguu, nikasimama nje ya kamba. Leo tumo ndani, kwenye foleni ya kukimbia ile barabara ya ndege.

Jirani yetu ni gari la kifahari, chini kama sahani, milango inafunguka juu kama mbawa za kumbikumbi. Mwenyewe alishuka akalizunguka letu, akainama dirishani. Sauti tamu sana hii, akasema. Akamwuliza mke wangu: "Mama, mwenye gari yuko wapi?"

"Ni mimi."

Nilifungua daftari hili. 

Sasa wanazungumza habari za kabureta. Anamweleza ile gasketi ya nyuma, neno kwa neno nilivyomweleza mimi, ila kwake imekaa vizuri zaidi. Bwana wa kumbikumbi anaitikia kwa kichwa, anauliza, anajibiwa. Mimi hajaniuliza kitu. Ananiona abiria. Ndivyo nilivyo.

Foleni imesogea. Sasa ni sisi. Amevua viatu, amevirusha miguuni kwangu. Gia ya kwanza imeingia laini, kwangu haijawahi kuingia hivyo. Mkono wangu umenyooka wenyewe kuifuata; ameupiga kofi dogo bila kunitazama.

"Wakishusha bendera uniambie," nikamwambia.

"Nikuambie wewe ili iweje?"

Anacheka. Anakanyaga mafuta na klachi bado iko chini, anasikiliza tu, na uso wake – uso wake nauona wote, uko katikati kabisa – miaka yote ya ndoa sijawahi kuuona hivi. Bendera imeshuka, kalamu inaru–