Mdomo Mmeuona, Moyo Je?

Muaither, Doha

Mdogo wangu Shabani,

Asalaam alaykum. Nakusalimu kwanza kwa sababu hata nikiwa na hasira nimelelewa. Mimi mzima. Mama miguu imeacha kuvimba? Na Rehema, mkeo, umemwona lini mara ya mwisho?

Barua yako niliisomea jikoni. Nilipomaliza nikaenda kunawa mikono. Kinyaa, Shabani! Mtoto wa miezi miwili mlikuwa mkimfunika mdomo wake uliopasuka kwa leso wageni wakija, arobaini hamkumtoa nje, na sasa mmemrudisha Rehema na mwanawe kwao Muheza, eti Rehema alimcheka mtu mwenye mdomo kama huo, Mungu akamlipa. Halafu unajisifu kwamba madaktari wa kushona midomo wanakuja mwezi ujao, aibu itaisha. Aibu ya nani?

Na katikati, kama jambo dogo, unaniambia mtoto akinyonya anahema, analowa jasho, midomo na kucha zinageuka buluu, na Mama anasema ni baridi. Baridi gani ya Muheza, we mwanamume?

Hapa ninapofanya kazi alizaliwa mtoto wa hivyo hivyo mwaka jana. Usidhani matajiri wana nafuu. Wageni wakiingia, madamu, mama mwenye nyumba, ananisukumia: "Yalla, haya, mpeleke chumbani kwako." Basi nakaa naye katikati ya ndoo na pasi, wao wanakula tende. Nilichukizwa mpaka chakula chao kikanishinda.

Walitaka ashonwe haraka kabla ya harusi ya shangazi yake. Daktari akakataa, mimi ndiye niliyembeba, nasikia. Akasema watoto wanaozaliwa hivi, baadhi yao huwa na kasoro nyingine usiyoiona kwa macho: moyo, masikio, hata figo. Apimwe kwanza. Wakakuta moyo una tundu! Wakautengeneza huo, mdomo ukafuata. Madamu akalia, akauliza alikosa nini. Daktari akamwambia hukukosa kitu, mtoto huumbika hivyo mwanzoni kabisa mwa mimba, na mara nyingi hata sisi hatujui kwa nini.

Hapo nikajichukia mwenyewe. Maneno ya Rehema kumcheka mtu niliyapeleka mimi kwa Mama. Nilikuwa likizo, nikamwona anacheka na yule dada muuza vitumbua mwenye mdomo uliopasuka. Walikuwa wanacheka pamoja, Shabani, kwa utani wao. Nilijua. Nikasema nusu, kwa sababu nilikuwa na kinyongo na wifi yangu, basi. Uchafu huo ni wangu.

Simu yako haipokelewi, ndiyo maana barua hii nampa jirani anayepanda ndege leo. Ukiipata usikae kunywa chai. Nenda Muheza, uwachukue, mwende hospitali ya mkoa. Sema: mpimeni moyo. Ukitaja mdomo tu, watatazama mdomo. Na hao washonaji wasimguse kabla hajapimwa.

Msalimie Mama, mwambie nampenda na nimekasirika. Msalimie yule mama mkubwa wa huko Muheza uliyeandika kwamba anampikia Rehema uji, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Rehema msomee barua hii yote, niliyoyakiri usiyaruke. Akitaka kunitukana, mwandikie.

Hospitali watakuuliza mtoto anaitwa nani. Kurasa zako tatu nimezisoma mara mbili, jina sikulikuta. Mpeni jina kabla hamjafika.

Dada yako,
Mwanaidi