Dawa Niliyompa Mwanao

Nyumba ya marehemu mama,
Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
9 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Hamda,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo zako zote nshaziitikia, marahaba, na ile utakayoninyima ukimaliza kusoma barua hii nnakusamehe tangu sasa. U hali gani huko Maskati? Mgongo wako je, bado unakukamata ukiinama? Na Darwesh anakunywa dawa zake za presha au mpaka agombwe? Mimi sijambo, ni magoti tu, na hayo tushazoeana.

Kabla moyo haujaanza kukwenda mbio nnakwambia: Rasha yu hai. Amelala mbele yangu hapa wodini, ana mpira wa maji mkononi, na anapumua vizuri. Nnaandika nimeiweka karatasi juu ya mkoba wangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Barua anakuletea Nadra wa ghorofa ya chini, anasafiri keshokutwa. Sikutaka kukurekodia sauti kwenye simu, maana nyumbani kwenu simu huwekwa mezani na kila mtu hutega sikio, na haya ni mambo ya kike. Isome chumbani, ufunge mlango.

Unaijua kazi yangu. Miaka thelathini na mbili nnawafunda biharusi wa mji huu, na hakuna hata mmoja aliyetoka mkononi mwangu watu wakamkosoa. Ulipoamua Rasha aolewe huku na mimi niwe somo wake, nilijisikia nimepewa ufalme. Nikamweka ndani mwezi mzima, kama tulivyowekwa sisi. Singo ya kumsugulia asubuhi, liwa ya kumpaka jioni, udi wa kumfukiza kila siku.

Siku ya nne nilikuwa nikimsinga mgongo, akaniambia kwa sauti ndogo kuwa anawashwa mbele. Anatokwa na uchafu mweupe mzito, kama maziwa yaliyokatika, na akikojoa panamchoma. Hamda, mimi ni mtu wa kusema kweli hata ikinivua nguo. Kitu cha kwanza nilichofanya si kumpa pole. Nilimkazia macho, nikamuuliza kama kuna mwanamme aliyemgusa.

Akalia mpaka singo ikamtelemka mashavuni. Akaniapia kwa Mwenyezi Mungu. Nilimwamini, lakini nusu nusu, na ile nusu nyingine aliiona usoni mwangu.

Basi nikaanza uganga wangu. Nilichemsha majani ya mwarobaini na manjano, nikamwosha. Siku mbili akapata nafuu, nikajiona hodari. Muwasho uliporudi nikamtengenezea maji ya shabu ya kukaza ngozi, nikamkalisha juu ya chetezo cha makaa na udi afukizwe pakauke. Alikuwa akiuma kanga asipige kelele. Mimi nikimwambia avumilie, uzuri una gharama yake.

Tena akaanza kukonda. Bangili zikawa zinamtoka zenyewe. Na kiu! Jagi zima la maji linakwisha kabla ya adhuhuri, halafu njia ya chooni haikauki. Nikasema ni woga wa harusi, wote huwa hivyo. Lakini biharusi akikonda ndani kwa somo, aibu ni ya somo, si ya mwali. Nikamlisha. Halua asubuhi, tende na maziwa mchana, uji wa asali kabla ya kulala. Akisema hataki, nnamlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Yarabi, mkono huu!

Chooni wakaja sisimizi, mstari mrefu mweusi kutoka dirishani mpaka tunapokojolea. Nikawamwagia mafuta ya taa. Wakarudi, nikawamwagia tena.

Jumapili iliyopita nikaona dawa zangu zimegonga mwamba, nikenda kwa Bwana Harshad, yule Mhindi mwenye duka la mitishamba nyuma ya soko la Darajani. Utamkumbuka baba yake, aliyekuwa akikupa wewe pipi za tangawizi. Ameusomea huko Bara Hindi ule utabibu wao wa kale, Ayurveda, na wanawake wengi wa mjini hununua kwake unga wa kujioshea. Nikamwambia kuna mtu, jirani tu, ana tatizo la mbele, na nnataka dawa kali.

Hakugusa hata kopo moja. Akaanza kuniuliza kama karani wa uhamiaji. Huyo jirani anakula nini? Analala vipi? Anakunywa maji kiasi gani? Amepungua mwili? Nikamjibu huku nnakunja uso. Mwisho akauliza, "Chooni kwao kuna sisimizi?"

Nikapandwa na hasira. "Bwana Harshad, mimi nimekuja kwa dawa ya mwanamke, wewe unaniuliza habari za wadudu!"

Hakukasirika. Akaniambia katika utabibu wao maradhi ya mbele hayatazamwi mbele peke yake, hutazamwa chakula, usingizi, choo na mkojo. Mkojo unaopendwa na sisimizi wazee wao waliuita mkojo wa asali tangu zamani sana, kabla ya hospitali. Mwarobaini na manjano, akasema, vyaweza kumpoza kwa nje mtu mwenye muwasho mdogo. Nilipomtajia shabu na moshi akashika kichwa. Akasema nimemchubua mtoto wa watu, na kila kijiko cha asali nilichompa nilikuwa nnavilisha vile vijidudu vinavyomwasha.

"Mimi sina unga wa kutibu hilo, Bi Zuleikha. Huyo jirani yako mpeleke hospitali akapimwe sukari. Si kesho. Sasa hivi."

Alijua si jirani. Nilitoka pale bila ya kuaga.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Rasha anatapika kwenye beseni. Anahema kama aliyepanda ngazi mbio, na pumzi yake inanukia matunda yaliyopita kuiva. Nnamwita, anaitika "naam" lakini macho hayanitazami. Gari haiingii uchochoroni kwetu, unajua, basi Nadra na mumewe wakamkalisha kwenye kiti wakambeba mpaka barabarani. Mimi nyuma nimeshika viatu vyake, sijui vya nini.

Hospitali, nesi alitafuta mshipa asiuone. Mikono yote ilikuwa imegandwa na singo. Akachukua pamba na maji akawa anaisugua, manjano inatoka, harufu ya asumini imejaa chumba kizima, na wagonjwa wengine wanatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Daktari, mwanamke mdogo tu, pengine rika la Rasha, alinieleza taratibu kuwa ni kisukari kile kinachowapata hata vijana, na mwili wake hautengenezi tena insulini. Ule muwasho ni fangasi, sukari ndiyo iliyomshibisha, na msichana ambaye hajaguswa na mtu huupata vilevile. Neno hilo la mwisho alilisema mbele ya Rasha. Mwanao akageuza uso, akanitazama.

Siku mbili hatukujua ni wa huku au wa huko. Leo ni ya tano. Amekunywa supu, amenicheka kwa kilemba changu, na asubuhi amejidunga sindano mwenyewe, mimi nikafumba macho. Kwa fangasi amepewa dawa yake, na kule nilikomchubua panapona. Sindano ni za maisha, Hamda. Sikufichi. Lakini wanasema akizishika na akila kwa mpango, atazaa na atazeeka kama sisi.

Harusi imeahirishwa. Na hapo pia nilitia mkono. Tabia, mama yake Hamid bwana harusi, alipiga simu kutoka Ng'ambo kuuliza, nikamwambia ni malaria. Rasha alipopata fahamu akajua, na yeye mwenyewe akamwita Hamid, akamwambia ugonjwa wake kwa jina lake. Aliniambia haingii kwenye nyumba ya watu na uongo ndani ya sanduku. Hamid anakuja kila jioni. Jana alikuwa akimuuliza nesi hizo sindano zikae wapi kwenye friji. Tabia mwenyewe hajaja. Ametuma uji kwenye chupa, hauna hata chembe ya sukari, wala hakutuma salamu. Sijui ni huruma au ni kejeli. Nnamwachia Mungu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, tena mtoto niliyeaminiwa, kwa kuogopa midomo ya mji. Msabah wa Malindi alikuwa aniletee binti yake wiki ijayo. Nshamwambia atafute somo mwingine.

Mpe salamu Darwesh, na umweleze pole pole, presha hiyo. Amjad mbusu, mwambie dada yake anauliza kama bado hali samaki. Bi Duni wa Chwaka amekuja na madafu, akarudishwa nayo mlangoni maskini, anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuzidishie subira na akulindie nyumba yako.

Nilitaka niishie hapa. Nimeshakunja karatasi, nimeikunjua. Rasha kaniona, akajua nnataka kuandika nini, akanishika mkono. "Mama mkubwa, ya simu usimwandikie. Hayo mama hatokusamehe." Maskini mwanangu, mimi nimemtesa na yeye ananisitiri.

Mwali akiwekwa ndani, somo huchukua simu yake. Ndiyo ada, na wewe uliijua. Lakini siku ya kumi Rasha aliniomba simu akupigie. Alisema, "Nnamtaka mama." Siku ya kumi na mbili aliomba tena, akilia. Siku ya kumi na tano aliomba mara ya mwisho. Nilimnyima, nilijua atakwambia, na wewe ungesema mpeleke hospitali. Ungesema siku hiyo hiyo, nnakujua.

Zile jumbe ulizopata, Hamda, "Mama mimi mzima," "Mama nnapumzika, mama mkubwa ananitunza vizuri," na ule wenye ua jekundu uliokufurahisha mpaka ukamwonyesha Darwesh: niliziandika mimi.

Simu nimemrudishia. Iko chini ya mto wake. Ameahidi hatokupigia mpaka Nadra akufikishie barua, ili uyasikie kwangu kwanza. Akikupigia, mimi nitatoka nje, mseme mnavyotaka.

Dada yako anayekupenda, unapomtaka na usipomtaka,

Zuleikha