Hadithi Zinazongoja Theluji

Jumanne, Juni

Maktaba imekwisha kuridhia ombi langu la chumba cha kurekodia hadithi za Kinavajo! Nilipompelekea habari Bi Lorena, jirani yangu Mnavajo, wa wenyeji wa asili wa Marekani, hapa mtaani Rexdale, alicheka, akaniita kwa jina alilonipa kwa ajili ya barua zangu za maombi:

"Bwana Barua, hadithi zetu husimuliwa wakati wa theluji tu. Ngoja."

Nilimkumbusha kwamba wajukuu wake hawakijui Kinavajo, na kwamba moyo wake ni mgonjwa.

"Basi andika barua nyingine. Uwaombe chumba cha Desemba."

Nimeiandika, kwa heshima zote zipasazo. Naogopa Bi Lorena hataifikia hiyo Desemba.

Sasa nimefumba macho: theluji yashuka taratibu juu ya barabara ya Kipling, mabasi yamenyamaza, naye anasimulia...

Tangu nihamie Toronto, sijapata kuitamani baridi ya huku hadi usiku huu.