Nimempenda Bibi wa Chumba cha Pili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza usiwasikilize walinzi wenzangu, kisa hiki wote wanakisimulia kombo, eti mzee mlinzi kanaswa kwenye nyuzi za sanaa mpaka kaitiwa fundi, uongo mtupu, ule uzi niliushika kwa hiari, kwa mikono hii ambayo mwizi hajawahi kuiponyoka! Binti yangu msomi anatafiti sanaa za siku hizi za Asia na za watu wa Asia waliotawanyika duniani, ndiye kapanga maonyesho ukumbini ninapolinda, na chumba cha pili kuna bibi, mama wa msanii, mjane kama mimi nilivyo mgane, anafumua masweta ya ukoo wao, moja kwa kila nchi walikohamia, na mgeni yeyote anaruhusiwa kukaa mbele yake amnyooshee mikono azungushiwe uzi. Nikakaa. Mimi ninayewafokea watu "Msiguse!" nikaguswa! Akacheka, nikacheka, lugha yake siijui hata salamu, binti ndiye anaijua, kesho yake nikanyoa ndevu. Binti akanivuta pembeni.

"Baba, jamani! Yule ni sehemu ya kazi ya sanaa!"

"Basi mwanangu, leo sanaa nimeielewa."

Hakucheka. Sasa wiki ijayo msanii na mama yake wanafungasha kwenda nchi nyingine, na bibi kaniashiria twende wote, je, niache kazi, nimuudhi binti? Haya, hapo kwenye kuniashiria nimetia chumvi. Hajaniita. Ila kucheka alicheka, naapa.

Mlinzi

Mzee wangu, shikamoo, na aibu huna! Nimecheka mpaka chai imenipalia. Sasa sikiliza. Kazi huachi, maana hiyo safari umejialika mwenyewe. Na binti yako ana haki: yule mama yuko kazini, hawezi kuinuka akukimbie. Akiwa kwenye kile kiti, marufuku kumtongoza. Subiri ukumbi ufungwe, avae viatu vyake. Halafu mwombe binti huyohuyo akutafsirie. Kila siku anawaeleza wageni yaliyomo mioyoni mwa watu wa mbali, amweleze na ya babaye. Sentensi moja tu: unampenda, unataka kujua kama naye anakupenda. Habari za wezi ziache mlangoni! Binti akigoma, mwambie unaogopa, maana naona unaogopa, na hilo hujamwambia. Fanya hivyo kabla hawajafungasha. Na yule mama akianza kujibu, nyamaza mpaka amalize. Hapo ndipo utakapopata taabu.