Hasira Iliyonishusha Garini

Kaka Saad,

Shikamoo. Sote wazima, Mama pia. Namtaja mapema ili usome bila wasiwasi.

Leo tumeirudisha boti yetu ziwani, pale Bangwe, baada ya fundi kuziba matobo. Mimi ndiye niliyerudisha tela nyuma kuelekea majini. Boti iliziba kioo chote cha nyuma, kwa hiyo Kurwa na Dotto, wale mapacha wa jirani, wakasimama huku na huku waniongoze. Sauti zao hazitofautiani hata kidogo!

"Njoo kwangu, dada!" anaita mmoja.

"Hapana, kwangu!" anaita mwingine.

Kwangu wapi? Unajua ninavyowachukia watu wanaotoa amri bila kuelewana. Nimewashambulia kwenye safu yangu gazetini miaka yote. Nikazima gari, nikashuka kwenda kuwapa vidonge vyao.

Nyuma ya boti nikamkuta Mama. Amesimama katikati kabisa, karibu aguse tela, maji yamemfika magotini, anapunga kanga.

"Mbona umesimama?" akafoka. "Nakuelekeza muda wote, wewe hutazami!"

Ningerudi nyuma kidogo tu, ningemgonga. Nilikaa mchangani nikacheka, kisha nikalia, naye akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilimpandisha kiti cha mbele. Akachungulia dirishani, akawanyamazisha mapacha wote wawili, na boti ikaingia majini bila mkwaruzo.

Kila ukiniandikia unaniomba nipunguze hasira. Kaka, kwa hili sikusikilizi tena.

Dada yako,
Shadya